Bwawa la baba na maneno ya mtaa

BARUA

Yaya, wewe mkubwa wetu unayejibu barua zetu, jambo sana.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala, maana mchana jambo hili siwezi kulitaja bila mtu wa nyumbani kununa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 36. Ninaishi na watoto wangu wawili kwa mama yetu, hapa Lubumbashi, Kongo, Komini Annexe. Lupango, yaani kiwanja chenyewe, ni ya marehemu baba. Nyuma ya nyumba, ukishapita miti ya avoka, kuna bwawa, ambalo majirani wanaliita etani. Nimelipima kwa hatua: mita 8 kwa 6, na katikati nadhani maji yangenifika kifuani.

Baba alilichimba mwaka 2004. Alikuwa mmoja wa wale wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali ya shaba, waliochukua depa volonteri 2003, yaani kuacha kazi kwa hiari na kulipwa. Wenzake walinunua basi ndogo, wengine walifungua duka. Yeye aliita vijana watatu wakachimba wiki mbili, naye mwenyewe akasukuma burueti, yaani toroli, ya udongo wa kichuguu, akaumwaga chini ya shimo na kuukanyaga kwa miguu mitupu ili maji yasitoroke. Nilikuwa sekondari. Kila mwezi alipovua, mama alipima tilapia kwenye beseni mlangoni, na kilichopatikana kiliongezwa kwenye minervali yangu, karo ya shule. Nisingefika kwenye diploma bila lile beseni.

Baba alitutoka 2017. Tangu hapo hakuna aliyelishika. Majani yameingia kutoka pembeni, maji yamekuwa ya kijani kama mchuzi wa matembele. Mpangaji mmoja aliyehama alikuwa akitupa takataka mle. Vyura wanaimba usiku kucha. Samaki bado wamo, lakini wadogo, hakuna anayepita kiganja changu. Alfajiri naona midomo yao ikifunguka na kufumba juu ya maji. Mama anasema wanamsalimia. Kila jioni anakaa pale kwenye kigoda chake, anawatupia bukari, yaani ugali, iliyobaki.

Sasa mambo matatu yamekuja kwa mpigo. Kwanza, mwezi wa sita, mtoto wa jirani, wa miaka 3, alipotea mchana. Tukatafuta, tukakuta ndara yake moja ya buluu inaelea bwawani. Yaya, sina maneno ya kukueleza zile dakika. Mtoto alikuwa amelala nyuma ya nyumba yao. Ndara aliitupa akacheza. Lakini mama yake tangu siku ile hanijibu salamu.

Pili, kaka yangu mkubwa, anayeishi komini ya Kenya, ng'ambo ya mji wetu huu, amesema basi, amechoka. Anataka kuleta lori za udongo afukie, ajenge vyumba viwili vya kupangisha. Ameshaongea na mtu atakayemletea udongo kwa bei rahisi. Anasema hapa nyumbani mwanaume ni yeye.

Tatu, na hili ndilo linaloniumiza zaidi. Mtaani wameanza kusema kwamba mama anafuga mamba muntu, yule nusu mtu nusu samaki, mle ndani. Kwamba ndiye aliyemchukua baba, na ndiyo maana mama hataki lifukiwe. Mama ana miaka 68. Juzi alipopita kwenda kanisani, wanawake wawili walinyamaza ghafla. Alirudi, akakaa kwenye kigoda chake, hakula.

Mimi moyo wangu unataka kufufua bwawa, nifuge samaki kama baba. Naona kulifukia ni kama kumfukia mara ya pili. Lakini ndara ile inanijia usingizini. Mama hataki hata liguswe. Kaka anasema lori zinakuja mwezi wa tisa. Tangu katikati ya Mei maji yameshuka kama shubiri moja na nusu tu, kwa hiyo halitakauka lenyewe.

Tufukie au tufufue? Nisaidie, Yaya.

Mwalimu, Annexe


JIBU

Mdogo wangu, jambo.

Kabla ya kufukia wala kufufua, kuna uzio. Hilo halingojei kikao cha familia. Jumamosi hii tafuta miti, matete, mabati ya zamani, chochote mtoto wa miaka 3 hawezi kupenya wala kupanda, zungusha bwawa lote, weka mlango wenye kufuli, na ufunguo ukae juu. Mtoto mdogo huzama kwenye maji ya magotini, na huzama kimya. Hapigi kelele kama tunavyodhani, na dakika chache zinatosha. Ukimaliza, mwite mama wa mtoto yule, mwoneshe kufuli, mwambie: niliogopa kama wewe. Usimpelekee maelezo mengine. Nadhani salamu itarudi.

Sasa swali lako. Nimeisoma barua yako mara tatu. Wewe unaongea juu ya baba, kaka anaongea juu ya kodi ya vyumba, mama haongei, mtaa unaongea juu ya mamba muntu. Hakuna hata mmoja kati yenu anayejua kitu kimoja ambacho kingewaamulia nusu ya ugomvi: maji yale yanatoka wapi?

Kuna mabwawa mawili tofauti hata kama yanafanana kwa macho. Moja ni beseni: mvua inalijaza kuanzia Novemba, udongo mzuri wa chini unayashika maji, basi. Jingine ni dirisha: umechimba mpaka ukafikia maji ya ardhini, na unachokiona ni maji yaleyale yaliyo chini ya nyumba yenu na ya jirani. La kwanza ukilifukia vizuri, umelifukia. La pili ukilifukia, maji hayaendi popote. Yanabaki palepale na kupanda ndani ya kuta.

Umenipa kipimo kizuri bila kujua. Shubiri moja na nusu ni kama sentimita 33. Jua na upepo wa kiangazi chetu peke yake huondoa kama milimita 4 au 5 kwa siku juu ya maji yaliyo wazi. Hesabu kutoka katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai, utapata karibu kiasi hichohicho. Maana yake bwawa lenu halivuji. Ama udongo wa kichuguu alioukanyaga baba yako bado umeshika baada ya miaka 20, na hilo linawezekana kabisa maana ule udongo ni mfinyanzi ndiyo sababu watu wa Katanga wanaufanyia matofali. Ama kuna maji ya chini yanayorudisha kinachopungua. Kwa macho huwezi kujua ni lipi.

Kwa hiyo ombi langu kwenu nyote ni moja: lisifukiwe, lisifufuliwe. Litolewe maji. Mara moja, lote, mwanzoni mwa Septemba, mchana, lango likiwa wazi.

Ngoja nieleze kwa nini, nikianza na mama, kwa sababu ndiye aliye kwenye hatari kubwa kuliko mnavyodhani.

Mamba muntu si kitu cha kuchekwa hapa kwetu. Wengi wetu tumekua na picha yake ukutani sebuleni, nusu mwanamke nusu samaki, na saa mkononi, na kila mtu alijua maana yake: mali inayokuja kwa masharti, na sharti lake ni mtu. Picha hizo zilichorwa mjini hapa hasa miaka ya 1970. Wanaponong'ona juu ya mama yako, hawasemi juu ya maji. Wanasema mjane mzee ameuza mume wake. Nimeona maneno kama hayo yanakoanza, kwenye bomba na mlangoni mwa kanisa, na nimeona yanakofika. Huwezi kuyajibu kwa maneno. Ukisema "si kweli," umeongeza mafuta. Ukifukia usiku au haraka, watasema mmeficha. Lakini ukimwita shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, ukamwita mama wa mtoto, ukaalika na wale wawili walionyamaza, wakakaa kwenye viti wakaona maji yakishuka mpaka tope, vyura wakaruka, samaki wakabaki wakipapatika kwenye kidimbwi cha mwisho, na mama yako akiwa amekaa kwenye kigoda chake mbele yao wote, basi kila mtu ataondoka na kitu alichokiona mwenyewe. Samaki wapikwe siku ileile na waliokuja wapewe. Anayekula samaki wa bwawa kwa mtu hawezi kesho kusema bwawa lile lina kitu.

Mama yako atakataa mwanzoni. Mwambie wewe, si kaka. Usimwambie "tunaliondoa." Mwambie kwamba samaki wake wanakosa hewa. Na huo ni ukweli: ile midomo inayofunguka alfajiri si salamu. Maji ya kijani kama yale mchana hutoa hewa, usiku huila, na inapokaribia asubuhi imekwisha karibu yote. Samaki wanapanda kunyonya kidogo kilicho juu kabisa. Bukari anayowatupia, ile isiyoliwa inaoza chini na kula hewa hiyohiyo. Ananuia mema, na kila jioni anawaziba pumzi bila kujua. Mweleze kwa upole, apunguze iwe kiganja kimoja tu, na wewe katika wiki hizi kata majani yote ya pembeni na uyatoe nje.

Majani yale yakate pia kwa ajili ya mbu. Mbu hazai katikati ya maji ambapo samaki wanapita. Anazaa ukingoni, kwenye maji ya vidole viwili yaliyojificha kati ya majani, ambako samaki hawafiki. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kati ya siku 7 na 14, kwa hiyo ukikata leo na kuacha mwezi mzima, hujafanya kitu. Ukingo ukiwa safi na umesimama wima, samaki wenyewe wanawala viluwiluwi. Kuna watakaokushauri umwage mafuta machafu ya moteri juu ya maji. Usikubali. Yanaua mbu wiki moja na kuharibu udongo na visima vya watu kwa muda mrefu. Na yeyote anayeingia mle avae buti ndefu na glavu: konokono wa maji yaliyotulia hubeba bilharzia, na yule mpangaji wenu hatujui alitupa nini, chupa au betri.

Kutoa maji kwenyewe si kazi ngumu. Kwa kina ulichosema, bwawa lina kama lita 40,000, yaani bidoni 2,000 za lita 20. Kodisha motopompa ya siku moja. Maji yasiende kwa jirani wala barabarani. Yapeleke kwenye mboga na kwenye miti ya avoka polepole, maana mwezi wa tisa hapa kwetu ndio kiu ya ardhi. Wawekeni vijana wawili na wavu wa samaki mwishoni. Chandarua cha kulalia kiache kitandani. Mkitafuta vizuri kwenye tope msishangae kukuta kabambale, yaani kambale, hao huingia mabwawani bila kualikwa.

Kisha, na hapa ndipo nataka unisikie vizuri, chomeka fimbo ndefu katikati ya shimo, yenye alama kila sentimita 10. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, itazame na kuandika. Maji yakirudi ndani ya siku chache bila tone la mvua, jibu limepatikana: ni dirisha. Hapo hapajengwi nyumba.

Lakini shimo likikaa kavu Septemba yote, usimruhusu kaka aseme ameshinda. Septemba na Oktoba ndipo maji ya ardhini huku kwetu yako chini kabisa. Yanapanda na mvua na kufika juu Machi na Aprili. Shimo lililopasuka kwa ukavu mwezi wa tisa linaweza kuwa na maji mwezi wa tatu yanayotoka chini. Kwa hiyo fimbo ibaki mle msimu mzima wa mvua, na mwulize jirani mwenye kisima: mwezi wa tatu, maji yako yanasimama mita ngapi kutoka juu? Akikwambia mita moja, au pungufu ya hapo, mambo ya vyumba yameisha bila mtu kupigana.

Nina sababu ya kusisitiza. Katika lupango niliyokulia, komini ya Katuba, palikuwa na shimo la zamani lililofukiwa, na chumba kikajengwa juu yake kwa haraka kwa sababu mpangaji alishatoa garanti, pesa ya dhamana. Msimu wa kwanza tuliona rangi ya ukutani ikivimba chini, kama ngozi iliyoungua. Msimu wa pili ukuta ulipasuka kutoka dirishani hadi sakafuni, na mimi mtoto nilikuwa naingiza kidole changu kwenye ule ufa na kukitoa kimelowa. Mpangaji alihama na garanti yake ikabidi irudishwe. Udongo uliomwagwa shimoni unaendelea kushuka kwa miaka, hasa ukimwagwa wote kwa siku moja bila kushindiliwa kwa tabaka.

Na huo udongo wa bei rahisi, kaka aujue unatoka wapi kabla lori la kwanza halijapinda kwenye avenue yenu. Shimo lenu linataka lori 6 hadi 8. Katika mji huu, udongo wa rahisi unaweza kuwa mabaki ya machimbo au ya kiwanda, wenye metali kama shaba, risasi na kadimiamu ndani yake, na ukishamwagwa nyuma ya nyumba hautoki tena. Watoto wako watacheza juu yake. Mtu asiyeweza kukuonyesha mahali anapochimba, usimpokee.

Jambo hilohilo linagusa ndoto yako ya samaki. Moshi wa kuyeyusha shaba ulianza kushuka juu ya mji huu mwaka 1911, na upepo wetu mwingi unatoka kusini-mashariki, ndiyo maana upande wa kaskazini-magharibi, kule Penga Penga, udongo umeathirika kuliko kwingine. Sijui lupango yenu iko upande gani wa Annexe, na Annexe inauzunguka mji mzima. Metali hizo hukaa zaidi kwenye tope la chini. Samaki wa siku moja ya kualika watu hawanitishi. Samaki wa kila wiki kwa miaka, na mboga zilizopandwa kwenye tope lile, hizo zinataka kipimo. Chukua tope kwenye mfuko safi siku ya kutoa maji, upeleke kwenye kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, uwaulize wanaweza kukupimia vipi. Wamechunguza udongo wa mji huu kwa muda mrefu. Mpaka jibu lije, tope libaki palepale, lisiende kwenye mboga za lengalenga.

Tuseme kipimo kimekuja kizuri na bwawa linashika maji. Ufuge? Nakupa hesabu. Bwawa linalolishwa kwa samadi na mabaki ya jikoni tu hutoa kwa kawaida kilo 10 hadi 30 za tilapia kwa mwaka kwa mita 100 za mraba. Lenu lina mita 48. Ni kilo 5 hadi 15 kwa mwaka mzima. Ni samaki wa Pasaka, wa Noeli, na wa Jumapili chache. Baba yako alipata zaidi kwa sababu alikuwepo kila siku, na nina hakika aliwapa pumba asubuhi na jioni, na kila mwezi alivua. Huko kuvua ndiko kulikokuwa siri yake. Tilapia huzaa bila kupumzika. Usipopunguza, ndani ya miezi wanakuwa mamia wanaogawana chakula kilekile, na wote wanabaki kiganja, kama ulivyowaona. Watu wa kituo cha Kipopo, hapa nje ya mji, walikuwa wakifuga tilapia na kuhangaika na jambo hilihili katika miaka ya 1950. Tena Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Juni na Julai maji yanashuka chini ya nyuzi 20 na tilapia anakaribia kuacha kukua. Miezi yako ya kweli ni Septemba hadi Aprili.

Wewe ni mwalimu, una watoto wawili, una madaftari ya kusahihisha. Ukifuga kwa sababu ya pesa, utachoka kabla ya mwaka. Ukifuga kwa sababu unapenda kusimama pale asubuhi na kopo la pumba mkononi, fanya, lakini punguza bwawa liwe nusu. Mita 24 zinatosha, tilapia 50 tu, wawili kwa kila mita, na nusu nyingine ifukiwe kwa udongo wenu wenyewe uliotoka pale na kupandwa migomba, ambayo hupenda mahali penye unyevu. Kabla ya kurudisha maji, acha chini pakauke mpaka papasuke, nyunyiza chokaa kama kilo 10 kwenye mita zote 48, ukiwa umevaa glavu na kufunga pua na mdomo. Uzio unabaki. Sitaki bwawa lisilo na uzio hata liwe la nusu mita.

Na kaka yako. Hitaji lake la vyumba si baya, msimpinge kama adui. Lakini kusema mwanaume hapa ni yeye, sheria haimpi. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawaweka watoto wote wa marehemu sawa, wa kike kwa wa kiume. Na kifungu cha 785 kinampa mjane haki ya kutumia nyumba aliyoishi na mumewe, pamoja na nusu ya matumizi ya ardhi inayoambatana nayo waliyokuwa wakiitumia. Nusu nyingine ni ya watoto. Bwawa limo ndani ya ardhi hiyo. Hawezi kuleta lori hata moja bila mama na bila wewe. Usimrushie kifungu usoni. Mwite, mpe chai, mwambie mnaomba asubiri mpaka Aprili fimbo iseme, na mkitembea pamoja lupango nzima mtaona kama hakuna kona nyingine kavu upande wa barabara. Mpangaji anapenda mlango ulio karibu na barabara kuliko ulio nyuma ya miti ya avoka.

Nimeacha la baba mwisho kwa sababu ndilo lililokukalisha usiku ukiandika. Baba yako hakuchimba lile shimo ili liwepo shimo. Alichukua pesa ya mwisho ya kazi yake, ambayo wengine iliwaishia ndani ya mwaka, akaigeuza kuwa kitu cha kulisha nyumba na kukufikisha kwenye diploma. Kilimaliza kazi yake. Watoto 40 au 50 wanaokaa mbele yako kila asubuhi ndio wanaokula samaki wale sasa. Ukilifukia nusu, au lote, hujamfukia. Ila mama yako kigoda chake kinahitaji mahali pa kuwekwa, na hapo ukiniuliza mimi ningeacha maji kidogo, hata ya mita 3 kwa 3, yenye ukingo safi na samaki kumi, ili jioni awe na cha kutazama.

Leo nunua kufuli. Na Aprili, mvua zikiisha, niandikie uniambie fimbo imesoma ngapi.

Yaya